Huku Hatualiki Mtu

Kutoka gatini Hillsborough mpaka hotelini kwa Bwana Lendore ni dakika kumi na nane, Urias akiendesha kwa adabu. Katika dakika hizo kumi na nane, kisiwa cha Carriacou ni mimi. Nasimama mbele ya basi dogo, kipaza sauti mkononi, na wageni waliotoka kutapika kwenye boti wananitazama wajue wamefika wapi. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Nawaambia kwamba kiserikali tuko chini ya Grenada lakini tusiambizane, wanacheka. Nawaonyesha soko, kanisa, na mbuzi waliolala katikati ya barabara kama wana hatimiliki. Wanacheka tena. Kabla sijamwambia Urias apunguze mwendo kwenye kona ya makaburi wapige picha, nawapa yale ya mwisho, ninayoyajua hata usingizini.

"Huku hatualiki mtu. Ukisikia ngoma, njoo. Ukiona chungu kinachemka, kaa. Kila sahani ni yako."

Hapo hupiga makofi. Bwana Lendore aliyapenda maneno hayo mpaka akayachapisha kwenye karatasi ya hoteli yake, chini ya picha ya bahari, bila jina langu. Nilinuna wiki nzima, kisha nikaanza kuona fahari. Ndivyo nilivyo, sijifichi.

Na wala si uongo. Karamu ya jiwe huku kwetu haina mlango. Mtu akimwekea mzazi wake jiwe la kaburi, anachinja, anapika, na yeyote apitaye njiani atakula, awe hasimu wako au mlevi wa kijiji cha pili. Ukimnyima mtu chakula siku hiyo, umewanyima wafu wako. Hilo nimewasimulia wageni miaka yote. Nisilowasimulia ni sahani ya wazee. Kabla mtu yeyote hajaonja, chakula cha kwanza kutoka kila chungu kinapakuliwa, kinapelekwa chumba cha ndani, kinawekwa mezani kwenye kitambaa cheupe, pamoja na mshumaa na glasi ya ramu, na kiti kinavutwa. Watu wanatoka, mlango unarudishwa. Haufungwi kwa ufunguo, maana nani angeingia? Yule mliyemwekea jiwe anakuja anakula, anaridhika, ndipo anatulia huko aliko. Mpaka ngoma ikome hakuna anayekanyaga humo. Habari hiyo sikuitia kwenye kipaza sauti hata siku moja. Nilisema moyoni, angalau hii ibaki yetu.

Mama yangu Clementina, ambaye kijiji chetu chote cha Belair kilimwita Ma Tina, alifariki Jumanne moja miaka sita iliyopita. Miguu ilikuwa imemwisha nguvu, akili timamu. Asubuhi aliniambia anatamani ugali na samaki wa moshi. Nikamwambia, "Mama, saa sita kamili niko hapa, nakupikia." Boti ikashusha wageni kumi na mmoja. Mmoja akataka kuwaona mafundi wa mashua kule Windward, mwenzake akataka kuogelea, na mimi kazi yangu kuchekacheka nao, ndiyo bwana, ndiyo bibi. Nilirudi saa tisa na nusu. Nilimkuta mezani. Alikuwa amejikokota peke yake kutoka kitandani, akaweka sahani tupu mbele yake, akakaa kunisubiri. Alikuwa ameshapoa.

Wiki ile ile alianza kunijia ndotoni. Nilipoona hazikomi nikaenda kwa mama mkubwa Filomen, dada yake mama, mwenye miaka themanini na tisa na ulimi ambao haujazeeka.

"Anakwambia nini?" akaniuliza.

"Hasemi kitu, mama mkubwa. Amekaa mezani anaitazama sahani."

"Basi ameshasema. Tina ana njaa. Mpe jiwe lake, mpe sahani yake, mwache kusumbuana."

Ingekuwa juu yangu, jiwe lingewekwa mwaka ule ule. Lakini watoto wa marehemu lazima wawepo wote, na sisi tuko wawili, mimi na mdogo wangu Cosnel aliyeko Brooklyn. Kwa Cosnel kila mwaka ulikuwa mwakani. Mara karatasi zake hazijakaa sawa, mara kazini hawamruhusu, mara mke anajifungua. Miaka sita nimemwona mama yangu akiitazama sahani tupu. Nyie mnaolala mkaamka salama hamjui mliyopewa.

Mwaka huu mwezi wa Aprili Cosnel akapiga simu. "Dada, nimepata siku kumi." Nililia palepale dukani kwa watu.

Jiwe likaletwa kwa boti kutoka Grenada, jeupe, jina la mama limechongwa vizuri. Tukalilaza kitandani kwake kama inavyotakiwa, tukalifunika shuka, likalala siku tatu. Mama mkubwa Filomen kila asubuhi alisukuma mlango kwa fimbo yake, "Tina, umeamkaje?" kisha akaja jikoni kudai chai. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeipata tangu mazishi. Nilijua Jumamosi mama atakula.

Alhamisi nikawa kazini. Basi limejaa, kundi la watu ishirini na sita wanaozunguka visiwa kwa pamoja. Nikawapa dakika kumi na nane zangu, na siku hiyo nilikuwa moto, kila neno lilifika. Nilipomaliza na "kila sahani ni yako" walipiga makofi mpaka Urias akapiga honi. Kiti cha mbele alikaa mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana, jina lake Karin, mpole wa sauti. Akaniuliza, "Karamu kama hiyo tutaiona lini?"

Ningesema sijui. Neno moja tu, sijui. Wangekunywa vinywaji vyao hotelini, wakaoga baharini, wakaenda zao. Lakini makofi yalikuwa bado yananiwasha, kichwa kimevimba, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mna bahati. Jumamosi, Belair, nyumbani kwangu mimi."

Walipoteremka, Urias akaniangalia kwenye kioo. "Dada Ianthe, umewaita kwa Ma Tina?"

"Watakuja wawili watatu, wapige picha, waondoke. Kwani umesahau huku hatualiki mtu?"

"Sijasahau," akasema. "Nayasikia kila siku."

Jumamosi asubuhi tukalibeba jiwe mpaka makaburini, Cosnel upande mmoja, mimi na mafundi upande wa pili, ngoma zikitutangulia. Likalazwa. Likanyunyiziwa maji, likanyunyiziwa ramu. Mama mkubwa Filomen akaegemea fimbo akasema na dada yake kama anavyosema naye siku zote. "Tina, hiki sasa ndicho kitanda chako. Cosnel huyu hapa, kanenepa. Ianthe huyu hapa. Njoo nyumbani ule, kisha ulale."

Tulivyorudi nilipakua sahani kwa mkono wangu, sikumruhusu mtu. Ugali laini, mbaazi, nyama ya mbuzi, wali. Kisha samaki wa moshi. Nikachagua pande nene la mgongoni, nikakaa nalo pale jikoni nikamtolea miiba mmoja mmoja kwa kucha, maana mama meno hakuwa nayo. Ilinichukua muda, Cosnel akaanza kunung'unika kwamba watu wana njaa. Nikamwambia wasubiri. Nikapeleka chumbani, nikawasha mshumaa, nikavuta kiti, kiti chake kile kile. Nikasema, "Mama, saa sita imefika." Nikatoka nimerudisha mlango, machozi yananitoka, na yalikuwa ya furaha, naapa.

Saa saba mabasi mawili yakasimama barabarani. Sio wawili watatu. Walikuwa thelathini na wanne, maana Bwana Lendore alitangaza habari hiyo wakati wa chai ya asubuhi, na waliokuwa kwenye mashua za starehe ghubani nao wakadandia. Yeye mwenyewe alishuka mbele, shati limepigwa pasi, akanipa mkono kama sherehe ni yake. Urias alibaki kwenye usukani, hakunitazama.

Sitawasingizia. Walikuwa na adabu zao. Walisalimia, walivua kofia, walimpiga picha mama mkubwa baada ya kuomba ruhusa. Kisha wakajipanga mstari na sahani mkononi. Na watu wa Belair, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, wakasogea nyuma wageni wapakuliwe kwanza. Wageni wakala, wakasifu, wakarudi tena. Wengine wakarudi mara ya tatu. Kila sahani ni yao, si nilisema mwenyewe? Nilikuwa nimesimama pale na upawa nikiona sufuria zinazama, na siwezi kumwambia mtu basi, kwa sababu siku hiyo neno basi halipo. Ilipofika saa nane nilikuwa nakwangua ukoko. Mzee Compton, aliyepiga ngoma tangu alfajiri, alipata mchuzi na mfupa.

Verlin, jirani yangu wa uzio, akaja na sahani yake kavu. "Ianthe, leo tumekuja kuwatazama wenzetu wakila?"

"Verlin, usinianze."

"Nakuanza nini? Huku hatualiki mtu, si ndivyo unavyowahubiria? Haya, wamekuja." Akaifunika sahani yake juu ya uzio, akaenda kupika kwake.

Nikaingia ndani nitafute chochote, mkate, ndizi, hata biskuti. Pale ukumbini nikaona mlango wa chumba cha ndani uko wazi kidogo. Nikadhani ni upepo. Nikaweka mkono nivute, nikasikia uma unagonga sahani.

Kwa muda wa pumzi moja niliamini ni mama. Niliamini kabisa. Nikasukuma mlango.

Alikuwa Karin. Ameketi kwenye kiti, kofia ameiweka juu ya kitanda cha mama, mshumaa ameusogeza pembeni usimwunguze mkono. Ramu imebaki nusu. Akaniinulia uso unaong'aa. "Samahani, nje chakula kilikuwa kimeisha, nami nilikuwa natafuta choo, nikaona hapa mmeweka kiti na sahani. Nikakumbuka maneno yako." Akaonyesha kwa uma. "Na huyu samaki! Hana hata mwiba mmoja. Sijawahi kuona mtu akijali mgeni namna hii."

Nyuma yangu nikasikia fimbo ya mama mkubwa Filomen ikigonga sakafu, ikanyamaza. Nilijua ameona. Nilitamani apige kelele, amtoe yule mwanamke kwa fimbo, anitukane mimi mbele ya watu wote. Ningeshukuru.

Mama mkubwa akamtazama Karin, akaitazama sahani. Kisha akasema taratibu, "Kula, mwanangu. Usibakishe."

Maana siku ya jiwe humnyimi mtu. Na Karin, kwa kuwa ameambiwa na mzee, akala mpaka akakomba.

Mama mkubwa akaurudisha mlango mwenyewe. Pale ukumbini akanishika mkono, vidole vyake vikavu, wala hakupandisha sauti. "Tina alikufa akingoja wageni wako washibe. Leo tena wamekula kwanza."

"Tutapika tena, mama mkubwa. Nitachinja kesho. Yule mbuzi dume niliyebakiza..."

"Utapika, ndiyo. Watu watakula, ndiyo. Lakini jiwe limeshalazwa, na tumeshamwita, na amekuja kwenye meza akakuta mtu. Mimi sijui mtu anaitwaje mara ya pili. Mama yangu hakunifundisha hilo, maana halikuwahi kutokea."

Ngoma zilikuwa bado zinalia. Nikatoka nikamwambia mzee Compton anyamazishe. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia chumbani kumeliwa. Akaziinamisha ngoma zake moja moja, akavaa shati. Wageni wakadhani ndio mwisho wa shughuli, wakapiga makofi.

Cosnel aliambiwa na Verlin, sio na mimi. Alinikuta jikoni.

"Mama yetu, Ianthe. Umemtia mama yetu kwenye ratiba ya hoteli."

"Ningemtia wapi? Ungekuja miaka sita iliyopita, hao wageni wangekuwepo?"

"Usinigeuzie mimi."

"Nani alimwogesha, Cosnel? Nani alimgeuza kitandani? Wewe ulikuwa unapiga simu Krismasi."

"Na siku aliyokufa ulikuwa wapi?"

Nilimtupia upawa. Haukumpata, ulipiga ukuta. Tulikuwa hatujapigana tangu utotoni, na utotoni mama ndiye aliyetuamua. Jumatatu alipanda boti ya asubuhi bila kupita kuniaga, siku tatu kabla ya siku zake kwisha. Nilimchinja yule dume siku hiyo hiyo, nikapika, nikaweka sahani na kiti na mshumaa. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa nje yake. Jioni nilipofungua, sahani ilikuwa imetulia tu, mafuta yameganda, na chumba kilikuwa chumba. Mtu anajua. Nimemwota mara moja tu tangu hapo. Meza ipo, sahani ipo. Yeye amesimama ukutani, mikono ameikunja, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakosa mahali pa kukaa.

Jumatano nikaenda gatini. Mtaniuliza ulirudije kazini. Nami nawauliza, niende wapi? Carriacou ina boti mbili za abiria na hoteli nne.

Kundi la Karin lilikuwa linaondoka. Aliniona kwa mbali, akaja amefungua mikono. Usiku kucha nilikuwa nimemwandalia maneno, makali, ya kumfanya alie njia nzima mpaka kwao. Akanikumbatia. "Ianthe, katika safari nzima, siku ile ndiyo nitakayoikumbuka. Niliwaambia wenzangu, huyu mwanamke anasema kitu na anakitenda." Nilimtazama machoni nitafute ubaya, hata chembe. Haukuwepo. Alifanya nilichomwambia, neno kwa neno. Maneno yangu makali yakakosa wa kuambiwa.

"Safari njema," nikamwambia.

Boti ile ile iliyomchukua ilikuwa imeshusha wengine kumi na tisa, wamekauka midomo, wanauliza maji. Tukawapakia. Urias akawasha gari, akanipa kipaza sauti, akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

Nikaanza. Kisiwa kidogo, tuko chini ya Grenada lakini tusiambizane. Wakacheka. Soko, kanisa, mbuzi. Wakacheka. Nilikuwa nasikia sauti yangu inatoka vizuri tu, haina hata mkwaruzo, nikaichukia. Nikafika pale pa mwisho. Nikasema, "Huku." Nikameza mate. "Huku."

Halikutoka. Nilijaribu, sitasema uongo kwamba nilikataa kwa ushujaa. Nilijaribu kwa sababu Bwana Lendore huwauliza wageni kama wamesikia maneno yaliyo kwenye karatasi. Nikageuka nikakaa kiti cha mbele, kipaza sauti mapajani, nikatazama barabara.

Urias akanitupia jicho, akaona machozi, akaona na wageni kwenye kioo wanaangaliana. Ni mtu mwema Urias, hakupenda niaibike. Akanyoosha mkono akakichukua kipaza sauti mapajani mwangu, akatabasamu kwenye kioo, na kwa sauti yangu, kwa vituo vyangu, hata ile pumzi ninayoiweka kabla ya neno la mwisho, akawaambia, "Huku hatualiki mtu. Ukisikia ngoma, njoo. Ukiona chungu kinachemka, kaa. Kila sahani ni yako."

Wakapiga makofi, mtoto mmoja nyuma akapiga mbinja.

Tukafika kona ya makaburi. Jiwe jipya linaonekana kutoka barabarani, jeupe kuliko mengine yote, jua limelipiga. Kwa kawaida hapo mimi ndiye ninayemwambia apunguze mwendo wapige picha. Sikumwambia kitu. Alipunguza mwenyewe.